Wifi, Mchele Wako Haukuchanganywa

Jumapili, tarehe 6 Julai. Ngoingwa, Thika. Baridi kali tangu alfajiri, manyunyu mepesi, jua halijaonekana.

Mpendwa wifi Rukia,

Nimeanza na hali ya hewa kama ninavyoanza kila ukurasa wa daftari langu, na najua utacheka ukisoma. Siku zile nikija kwako ulikuwa ukiniuliza, "Na leo mwenye daftari ameandika mbingu inasemaje?" Cheka tu. Ni mwaka mmoja na nusu sijakusikia ukicheka.

Juzi Ijumaa Hamisi alirudi kutoka msikitini akaniambia kwamba umekubali kumpa mtu shamba lako la mpunga la Wang'uru alilime kwa miaka kumi, na kwamba ukishaweka sahihi utahamia Isiolo kwa binti yako. Alisema akitazama ukuta. Kaka yako hutazama ukuta akitaka kunilaumu bila kunitaja. Nilimuuliza lini. Akasema wiki hii, kabla maji hayajafunguliwa na watu hawajamwaga mbegu vitaluni. Kwa hivyo nina siku chache sana.

Barua hii naiacha wazi. Nilikutuhumu mbele ya watu, na haitakuwa haki nikuombe radhi sirini. Hamisi atakuletea kesho. Nakala nitawasomea kina mama wa kikundi chetu cha upishi, wale wale waliokuwa nami Ruiru siku ile. Walisikia la kwanza, wasikie na hili.

Nakumbuka safari yangu ya kwanza kuja kwako, nikiwa na miezi mitatu tu ya ndoa. Mimi mtoto wa mjini, wa Majengo, nilidhani mchele huzaliwa ndani ya gunia. Uliniingiza kwenye tope hadi magotini, ukanipa fungu la miche, ukaniambia nipande huku narudi nyuma. Sikumaliza hata mstari mmoja, nikakaa chini kwa kishindo. Wanawake wa ng'ambo ya mfereji walipiga vigelegele, na mmoja akapaza sauti, "Bibi harusi wa Thika ameshapandwa, sasa tungoje aote!" Wewe ndiye uliyecheka zaidi, halafu wewe ndiye uliyenishika mkono.

Jioni yake ulinifungulia chumba cha ghala. Magunia yalikuwa yamepangwa safu mbili, ya msimu ule upande wa dirisha, ya mwaka uliopita upande wa mlango. Ulinionya kwamba safu ya dirishani haiguswi mpaka ya mlangoni iishe. Ukachota mchele wa zamani kiganjani, ukaupulizia pumzi ya moto, ukaniwekea puani. Harufu ile ya pishori, mchele wenu wa kunukia, sijawahi kuiandika ikatosha.

"Mchele mpya ni kama mwali," ulisema. "Ukimsukuma jikoni siku aliyoletwa atakuaibishia nyumba. Mwache akae, azoee."

"Na mimi je?"

"Wewe umeshaanguka topeni. Umeshazoea."

Usiku huo niliandika ulivyonieleza: mchele uliotoka kukobolewa bado una unyevu wake ndani, ukipikwa unashikana, uliokaa miezi minane au zaidi unakunywa maji mengi, na punje inasimama peke yake. Kwa somo hilo moja nikawa mpishi wa pilau. Walioniita Juja walinipeleka Kamakis, wa Kamakis wakanipeleka Ruiru, na kila nilipoulizwa siri yangu nilisema ni viungo. Sikuwahi kukutaja. Hilo nalo naliweka hapa.

Unajua nilivyo. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba nikipewa maji ya kunywa naangalia kwanza uso wa aliyenipa. Sijui kuamini kitu nisichokiandika, na nikishakiandika nakiamini kupita kiasi. Kila nikipika naandika siku, hali ya hewa ya asubuhi, idadi ya watu, na maji niliyoyatumia. Miaka mingi ukurasa ulisema jambo moja: maji vikombe viwili, mchele kikombe kimoja. Halafu siku moja nikaandika kimoja na robo tatu. Baadaye kimoja na nusu. Punje zilianza kuja zimekatika, nyingine zina doa jeupe tumboni kama chokaa. Harufu ilikuwepo, lakini ilikuwa kama ya mtu aliyepita chumbani asubuhi na sasa ni jioni.

Nikasema kuna mkono wa mtu.

Kwanza nilimshuku dereva anayeleta mizigo. Utakumbuka nilikutumia uzi mwekundu, nikakuomba ushonee midomo ya magunia, nikakwambia ni alama ya kutofautisha mzigo wangu na wa wengine. Nilikudanganya. Ulikuwa mtego. Magunia yakaja, na mishono yako ya fundo mbilimbili haikuguswa. Nikamwondoa dereva.

Kisha nikamshuku mwenye mashine ya kukoboa. Nilimpigia simu nikijifanya mteja mgeni kutoka Ruiru, nikamuuliza kama anaweza kunichanganyia pishori na mchele wa bei ya chini wa kutoka nje. Akasema, "Mama, mimi nakoboa tu. Kinachoingia ndicho kinatoka. Kama unataka ujanja, tafuta mashine ingine." Nikamwondoa na yeye, shingo upande.

Akabaki mtu mmoja. Nililiandika jina lako, nikalikata, nikaliandika tena.

Arusi ya Ruiru ilikuwa Januari mwaka jana. Mchele wako ulikuwa umenifikia siku mbili kabla. Nilipika kwa maji kikombe kimoja na nusu, kama nilivyokuwa nimezoea wakati ule, nikapalia makaa juu ya mfuniko, nikangoja. Nilipofunua, mwiko ulisimama wenyewe katikati ya sufuria. Punje zilikuwa zimepasuka na kushikana kuwa kitu kimoja. Mjomba wa bwana harusi alikuja na sahani yake, akaigeuza juu chini, na chakula hakikuanguka.

"Mama mpishi," aliita kwa sauti ya kusikika hemani kote, "hii ni pilau ama mmetuletea uji wa nyama?"

Watu walicheka. Hata bibi harusi alicheka, maskini, halafu akaziba mdomo. Mikono yangu ilikuwa na mafuta, nikamwambia Mwanaidi wa kikundi chetu akupigie na aweke spika. Kina mama walikuwa wamesimama duara, miiko mikononi.

"Rukia, unanichanganyia mchele?"

"Nani amekwambia?"

"Sufuria imeniambia."

Ulikaa kimya kwa muda ambao sikuuhesabu, mimi ninayehesabu kila kitu. Kisha ukasema, "Basi sufuria yako ikulimie." Ukakata.

Usiku ule niliandika: *Hakukana.* Nikapiga mstari chini yake. Kwa mwaka mmoja na nusu hilo ndilo lilikuwa ushahidi wangu wote. Mtu asiye na hatia hukana, nilijiambia. Hamisi aliponisihi nikupigie nilimfungulia ukurasa ule, nikamwekea kidole juu ya mstari.

Tangu hapo nanunua mchele Thika na Ruiru, na kila duka nanusa, nauma punje, naondoka nimenuna. Kila muuzaji ana wimbo mmoja: "Ni hali ya hewa, mama. Mvua imeharibu." Punje zimekatika, ni hali ya hewa. Gunia lina vijiwe, ni hali ya hewa. Mbingu imekuwa kama mbwa wa jirani. Kikombe kikivunjika ndani ya nyumba, yeye ndiye aliyevunja. Nilikuwa nimeapa kutomwamini mtu yeyote atakayenitajia mvua.

Sasa nieleze kilichonileta kwako jana, kwa sababu hakikuwa kizuri. Hamisi aliponiambia habari ya shamba, jambo la kwanza kuniingia akilini halikuwa huruma. Nilijiuliza, huyu mtu anayepewa miaka kumi ni nani? Nikahisi nimempata. Huyo ndiye aliyekuwa akikuletea mchele wa kuchanganya, na sasa mnamalizia biashara yenu. Nilijua uko Isiolo kuangalia nyumba, na kwamba ungerudi leo. Nikaja Wang'uru makusudi wakati haupo, nione ghala lako kabla halijahamishwa.

Funguo alikuwa nazo jirani yako Mama Wawira, yule wa ng'ambo ya mfereji. Nilimkuta amekaa nje anapepeta. Alinitazama kuanzia viatu.

"Mama Salim. Wee! Umepotea njia ama umetumwa?"

"Nimekuja kuona ghala la wifi."

"Kuona nini ndani?"

"Kuona tu."

"Haya," akasema, akainuka akipangusa makapi kwenye leso. "Twende ukaone tu."

Alifungua. Chumba kilikuwa kimefagiwa. Mbao za kuwekea magunia zilikuwa zimesimamishwa ukutani, magunia matupu yamekunjwa na kufungwa kwa uzi mwekundu. Uzi wangu. Upande wa mlango hapakuwa na kitu. Upande wa dirisha hapakuwa na kitu. Nikauliza ameyahamishia wapi.

"Ameyahamisha nini?"

"Magunia. Safu mbili."

Mama Wawira aliguna. "Safu mbili! Mara ya mwisho chumba hiki kuwa na safu mbili, mjukuu wangu alikuwa hajazaliwa, na sasa anaenda shule."

Sikumwamini, wifi. Niliinama nikapitisha kidole kwenye pembe za sakafu kutafuta punje ngeni, punje ndefu za kutoka nje. Nikaenda jikoni kwako. Nilifunua ndoo yako ya unga nikitarajia kukuta mchele umefichwa chini. Ilikuwa na unga wa ugali, mpaka chini. Mama Wawira alikuwa amesimama mlangoni amefunga mikono kifuani, ananiangalia nikichakura.

"Ukimaliza hapo, angalia na chini ya kitanda," alisema. "Mwizi unayemtafuta alipita. Alipita hata kwangu."

Kisha akaniketisha, akanieleza kwa utaratibu kama mtu anayemhesabia mtoto. Mwaka wa kwanza kati ya mitatu iliyotangulia arusi ya Ruiru mvua ilikosekana, mto ukapungua, mkapewa maji kwa zamu. Maji yalipofika zamu yenu mlikuwa mmechelewa, na mpunga ukaja kuchanua katikati ya baridi ya Julai. Ulisimama shambani unapendeza, mrefu, wa kijani, na mlipovuna mkakuta mapepe, maganda yasiyo na kitu ndani. Mwaka wa pili mto ukapungua tena, mkapanda nusu, na nusu nyingine ikapasuka nyufa za kuingia mguu. Hata ule uliopona ulishika punje katika miezi ambayo usiku ulikuwa na joto kama mchana, ndipo yakaja madoa meupe na kukatikakatika mashineni. Mwaka wa tatu maji yalikuja, yakaja yote. Mvua iliwakuta mkivuna. Mpunga ulilala majini, mkauanika kando ya lami, mkaukusanya, mkauanika tena, na mwingine ukachipuka ndani ya gunia.

"Msimu mmoja mbaya tunaumeza," alisema. "Ghala ni la nini? Lakini ikifuatana mitatu, hata mzuri ukija unaziba mashimo tu. Haujazi kitu. Wifi yako alianza kukutumia ule wa zamani. Ukaisha. Akakutumia wa msimu uliopita. Ukaisha. Ule wa arusi yako ulitoka shambani, ukapita mashineni, ukaingia kwenye gari. Haukulala hapa hata siku mbili."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akwambie nini? Kwamba mwenye shamba la mchele anakula ugali wa dukani ili wewe upike pilau?"

Niliinuka nikaifunika ndoo yako ya unga.

Hata hivyo sikurudi Thika nimeamini. Nikuambie ukweli wangu wote. Njiani nilikuwa nafikiri: huyu ni rafiki yake, wamepanga. Mvua tena, wimbo ule ule. Nilifika nyumbani magharibi, nikaswali, nikashusha madaftari yangu kutoka juu ya kabati. Nilitaka kuwakamata.

Nilianza na mwaka ule wa kwanza alioutaja. Mfululizo wa kurasa zangu za Aprili: *jua, vumbi, mawingu bila mvua.* Julai: *baridi, mikono haishiki kisu.* Mwaka wa pili, Februari: *tumelala madirisha wazi, Hamisi amelala sakafuni.* Mwaka wa tatu, Novemba yote na nusu ya Desemba: *mvua, mvua, mvua, barabara ya kwenda mjini imekatika, arusi ya Juja imeahirishwa.* Mwandiko ulikuwa wangu. Hapakuwa na mtu aliyeniambia niandike. Thika si Wang'uru, najua, lakini mbingu haikuwa mbali hivyo. Na chini ya kurasa hizo hizo, maji ya pilau yalikuwa yanashuka. Kikombe kimoja na robo tatu. Kimoja na nusu. Nilikuwa nimeandika hali ya hewa juu ya ukurasa na maji chini yake kwa miaka yote hiyo, na sikuwahi kuyasoma pamoja hata mara moja.

Wewe ndiye uliyenifundisha habari ya mwali. Mchele unaotaka maji machache ni mchele mpya. Mpishi yeyote niliyemfunza anajua hivyo. Lakini ilikuwa rahisi kwangu kufikiri umekuwa mwizi kuliko kufikiri ghala lako limeisha. Sikujua kwamba ghala lako linaweza kuisha. Niliona safu mbili siku moja nikiwa bibi harusi, nikaziacha zimesimama kichwani mwangu hadi jana.

Siku ya arusi ulipokaa kimya kwenye simu, nilisikia hatia. Sasa nadhani ilikuwa aibu ya kitu ambacho hakikuwa kosa lako, mbele ya wanawake uliowasikia wakipumua. Sisemi hivi ili nijipoze. Nisamehe, wifi. Hukuchanganya kitu. Nasema hivi mbele ya Mwanaidi na wenzake, na nikimaliza kusoma nitawaonyesha kurasa.

Sasa shamba. Nimejihoji kama ninavyowahoji wengine. Je, Zainabu, unamlilia wifi yako au unalilia mchele? Jibu si safi sana. Nautaka mchele. Nataka pia kusimama tena kwenye mfereji ule nikichekwa. Ukiniona na hila katika hili hutakuwa umenionea. Nimekufundisha mimi mwenyewe kunitazama hivyo.

Kama utalibakiza shamba, haya ndiyo ninayoweza kuyafanya, na nimeyaandika ili unishike nayo. Nitakuja kupanda, mimi na kina mama watatu waliokubali leo nilipowapigia, hata tukianguka. Utakachovuna kitalisha kwanza nyumba yako, kisha kitalala ghalani, na changu kitatoka mwisho, kama kitakuwepo. Ukinitumia mchele mpya, niambie ni mpya; nitapunguza maji na nitawaambia wenye arusi kwamba mwaka huu pilau si ile ya zamani, na kwa nini. Asiyetaka atapika biriani.

Siwezi kukuahidi mto. Siwezi kukuahidi kwamba Julai haitarudi na baridi yake wakati mpunga umechanua, wala kwamba mvua itangoja mmalize kuanika. Mama Wawira mwenyewe hajui kama atapanda mwakani. Aliniambia hivyo akitazama mfereji, bila kutaka nimhurumie. Isiolo kuna wajukuu wako, na magoti yako nayajua. Kwa hivyo sitakuomba ukae kwa ajili yangu.

Naomba kitu kimoja tu. Kabla ya sahihi, jiulize nani amekushinda. Kama ni mbingu, mpe mtu yule shamba, nami nitakuja kukufungia mizigo na sitasema neno. Lakini kama ni mimi, kama ni sauti yangu kwenye spika ile ndiyo inayokuondoa kwenye tope lako, basi usimpe. Usiache mvua ibebe lawama ambayo ni yangu.

Sitamuuliza Hamisi uso wako ulikuwaje ukisoma. Hilo, kwangu, ni kazi kubwa kuliko kupanda.

Wifi yako aliyekukosea,
Zainabu

Nimezima taa saa tano kasoro dakika kumi.